Siku Nilipokwenda Kukagua Stoo ya Mama Mkwe

Mpaka leo nikipita Kamukuywa siku ya soko navaa kofia na kuivuta mpaka kwenye nyusi, na bado kuna mama mmoja wa kuuza ndizi ambaye akiniona tu anapaza sauti, "Odita, usikimbie!" na watu wanacheka, hata vijana ambao wakati huo walikuwa hawajazaliwa. Basi nimeona nisimulie mwenyewe, maana wanaonisimulia wametia chumvi mpaka wengine wanasema nilipanda mti. Sikupanda mti. Nilijifungia ndani ya gari. Aibu ni ile ile, lakini ukweli usemwe.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi ni kijana, nimeoa juzi na nimeajiriwa jana, ofisi ya elimu Bungoma, kazi yangu uodita, kukagua hesabu na mali za shule, na nilikuwa bado kwenye majaribio (yaani bosi akikohoa vibaya unarudi kwenu Kiminini kumsaidia baba kupalilia mahindi). Shule tulizokagua zaidi zilikuwa zile za harambee, ambazo wazazi walichanga wenyewe, wakafyatua matofali, wakaezeka, halafu serikali ikaleta walimu wawili watatu, na baadaye ikatuleta sisi kuuliza mabati mengine yalienda wapi. Watu walituogopa bana. Mwalimu mkuu wa miaka hamsini anakubebea mkoba wewe kijana wa juzi, anakuita "mheshimiwa", na mimi, Mungu anisamehe, niliupenda huo utamu kuliko mshahara.

Bosi wangu alikuwa mzee mkavu, mwenye kanuni moja aliyoirudia kama sala. "Simiyu," aliniambia, "makaratasi yanadanganya. Kila kitu cha shule, mtunza stoo akiguse kwa mkono wake, mbele ya macho yako. Ambacho hajakigusa, hakipo."

Wiki hiyo akanipa kazi ya kwanza ya kwenda peke yangu, shule moja ya harambee nje kidogo ya Kamukuywa (jina nitalimeza, watoto wa watu bado wanasoma pale). Kabla hajaniruhusu kuondoka akaniuliza swali ambalo mkaguzi huulizwa kila mara: "Una mtu unayemjua kule? Ndugu, mkwe, rafiki?"

Nikajibu, "Hapana, mzee."

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Kwa sababu kule ndiko alikozaliwa mke wangu Nasimiyu. Ng'ombe wa mahari nilikuwa sijamaliza, na nilikuwa nimesikia kwamba mashemeji zangu wananiita "yule wa ng'ombe nusu". Basi nikaona, ebu wanione nikishuka kwenye Lendrova ya serikali, kaunda suti imenyooka, brifkesi mkononi, wakome. Ni hilo tu. Sikuwa na nia mbaya, nilikuwa na kiburi cha kawaida.

Na ili mnielewe, lazima niwaambie habari ya harusi yetu. Pamoja na ng'ombe nusu, wakwe zangu walimpa binti yao vyombo vya maana: sufuria, godoro, kabati, na viti sita vya mbao ngumu, vizito, vya kukalia watu wazima. Kila kiti kilikuwa na mguu mmoja uliopakwa rangi ya kijani. Sisi tulidhani ni urembo. Wageni wakiuliza nilikuwa najibu, "Aa, hiyo ndiyo staili ya sasa." Bosi mwenyewe alikuja kwangu kula kuku, na Makokha dereva, wakavikalia, na bosi akakigonga kiti chake kwa vidole akasema fundi huyu ni fundi kweli. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Sasa siku yenyewe. Tulifika asubuhi wakati wa paredi, watoto wamesimama mistari, na mwalimu mkuu akanikaribisha niseme neno. Mtu mwenye akili angesema hamjambo, someni kwa bidii, akashuka. Mimi nikahubiri! Nikawaambia mali ya shule ni jasho la wazazi, na nikasema, kwa sauti ambayo hata Makokha aliacha kutafuna muwa, kwamba kama kuna mtu mzima hapa Bungoma anayekalia kiti cha mtoto wa shule huko nyumbani kwake, huyo hana haya, na mimi nitamtafuta mpaka sebuleni kwake. Watoto walipiga makofi sana.

Kisha tukaelekea stoo. Mwalimu mkuu akaita, "Mama Stoo! Wageni wamefika!" Mlango ukafunguliwa, na akatoka mama mnene wa heshima, shada la funguo kiunoni, akainua uso tukatazamana, mimi na yeye, hatua chache tu katikati yetu.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Kama wewe si wa kwetu nikueleze haraka: kwetu Wabukusu mkwe na mama mkwe hawaonani ana kwa ana. Hawasalimiani kwa mkono, hawaketi chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Nilijua tu kwamba "anafanya kazi shuleni", nikadhani anawapikia watoto uji shule ya msingi. Mambo ya mama mkwe huwa hayaulizwi ulizwi. Nikaganda pale. Yeye hakuganda. Alijifunika kichwa kwa leso, akaruka ule mtaro wa maji (na mwili ule!), akakata mbio kupitia shamba la maharagwe la shule, na funguo zote za stoo zikilia kiunoni.

Sasa jaribu kuliona hilo kwa macho ya watu wengine. Odita amefika, mtunza stoo kamwona, mtunza stoo katoroka na funguo.

"Huyo ameiba!" Makokha akafoka, akatupa muwa. "Mshikeni huyo!" Na yeye mwenyewe akaondoka kama risasi, na darasa zima la wavulana wakubwa nyuma yake, hakuna aliyewatuma, walifurahi tu kwamba hesabu za asubuhi zimekufa. Mimi napiga kelele, "Mwacheni! Mwacheni!" na mwalimu mkuu ananitazama, jasho linamtoka, ananiuliza, "Mheshimiwa, kwa nini tumwache?" Ningemjibu nini? Nikisema ni mama mkwe, basi nilimdanganya bosi, na kazi imeota mbawa. Nikinyamaza, mama wa mke wangu anafukuzwa kwenye maharagwe kama kuku mwizi. Nilinyamaza. Naliona jambo hilo baya mpaka leo, lakini nilinyamaza.

Walimrudisha. Makokha hakumshika, alimsindikiza tu, lakini alimleta moja kwa moja mpaka mbele yangu, uso kwa uso, na yule mama wa watu akifunika macho kwa leso na kulia, "Jamani mnaniletea laana! Mnanipeleka wapi!" Na alipofika karibu kiasi cha kunusa mafuta yake ya nywele, miguu yangu iliamua bila kuniuliza. Nikageuka nikakimbia. Brifkesi ikaanguka, ikafunguka, andazi nililobeba likabingirika mbele ya shule nzima, na mimi huyoo mpaka kwenye Lendrova, nikaingia, nikafunga milango yote na kupandisha vioo.

Shule nzima ikageuza shingo kunitazama. Mtunza stoo kumkimbia odita walikuwa wanaelewa. Odita kumkimbia mtunza stoo ilikuwa mpya.

Mwalimu mkuu akaja kugonga kioo taratibu, kama mtu anayebembeleza mgonjwa. Nikateremsha kidogo, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyo ni mama wa Nasimiyu. Mke wangu." Alinitazama, akamtazama mama kule, kisha akaketi kwenye nyasi na tai yake yote akacheka mpaka akashika mbavu. Na kwa vile alikuwa mtu mwema lakini hajui kunong'ona, shule nzima ilipata habari kabla hajasimama.

Ningeondoka hapo, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nilifikiria yale majaribio yangu, nikasema kazi lazima iishe. Wakaleta lile pazia la jukwaani wanalotumia kwenye michezo ya kuigiza, wakalitundika mlangoni pa stoo. Mama mkwe ndani. Mimi nje, nimegeuka nikitazama bendera. Makokha katikati, jicho moja ndani na jingine nje, awe macho yangu.

"Majembe?" nasema.

"Nimegusa!" sauti inatoka ndani.

"Amegusa," anasema Makokha.

"Sufuria kubwa?"

"Nimegusa!"

"Amegusa, na ni safi kabisa," anasema Makokha, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Tukaenda hivyo vizuri, wanafunzi wamejaa madirishani, nikaanza hata kujipongeza kwamba huyu mama stoo yake haikosi hata kijiko. Mpaka nikasoma, "Viti vya wageni, sita, vya karakana."

Kimya.

Nikarudia. Funguo tu zikalia kule ndani. Ile sauti yangu ya paredi ikanirudia yenyewe, nikamwuliza mwalimu mkuu viti vya watoto viko wapi, viko sebule ya nani, na vinafananaje ili nivitafute.

"Si vigumu kutambua, mheshimiwa," alisema. "Kila kitu cha mbao cha shule hii tumekipaka mguu mmoja kijani, ndiyo kisipotee."

Nikatazama dawati lililokuwa karibu yangu. Mguu mmoja wa kijani. Meza ya mwalimu wa zamu. Mguu mmoja wa kijani.

"Mguu mmoja kijani?" Makokha akasema, huku anakuna kichwa. "Hebu ngoja. Si ni kama vile tulikalia siku ile ya ku—" Nilimkanyaga, lakini alikuwa amevaa buti.

Ndipo mama mkwe akaongea kutoka nyuma ya pazia, taratibu, si na mimi, na Makokha. "Baba, mwambie mkwe wangu hivyo viti siwezi kuvigusa nikiwa Kamukuywa. Viko kwake Bungoma. Mwambie siku ya harusi tuliazima shule viti vya kukalia wazee, na wale vijana wa kupakia vyombo kwa pikapu wakapakia vyote, vyombo vyetu na viti vya shule. Nilipokuja kujua, gari lilishapita Webuye."

"Sasa si ungesema virudishwe, mama?" Makokha akauliza.

"Ningemwambia nani? Mimi na yeye hatuongeangi. Na mzee wangu akakataa, ati tutamwambia aje mkwe arudishe zawadi ya harusi, si atasema na yeye arudishiwe ng'ombe zake, hata kama ni nusu?" Madirishani watu walianguka kwa kicheko. Lakini yeye alikuwa analia. "Tangu hiyo siku nikisikia gari nafikiri wamekuja kunifunga. Leo nimekimbia juu ya heshima, na nimekimbia juu ya viti. Mbio ni moja tu."

Nawaambia, kile kicheko cha madirisha hakikuniuma. Kilichoniuma ni hicho. Mimi nimeketi Bungoma nikigonga gonga kiti na kujisifu staili, na mama wa watu anakosa usingizi kwa ajili ya matako yangu. Kama isingekuwa kwangu viliko, ningemwandikia apoteze kazi na kufikishwa kwa chifu kabla ya saa sita. Mwalimu mkuu akanisogelea akaninong'oneza (yaani shule nzima ikasikia) kwamba tunaweza tu kuandika vimeguswa, nani atajua? Nikatazama madirisha yote yale yaliyojaa vichwa. Nikaandika ukweli, na siwezi kujidai ni uaminifu.

Bosi alisoma ripoti yangu pale niliposema viti sita vimeonekana nyumbani kwa mkaguzi. Aliisoma tena amesimama. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Na mimi nimevikalia," akachukua kofia yake. Siku iliyofuata tulivirudisha kwenye paa la Lendrova, vimeinua miguu ya kijani juu, tukapita navyo katikati ya soko la Kamukuywa, bosi mbele, mimi nyuma nimeshikilia kamba. Shuleni akanifanya nivibebe mwenyewe, kimoja kimoja, mpaka kwenye pazia.

"Gusa," anasema bosi.

"Nimegusa," nasema mimi.

"Ameguswa, hata yeye," akasema Makokha, na hiyo ndiyo iliyoenea sokoni.

Majaribio yangu yaliongezwa mwaka mwingine, na sikukagua tena popote bila mzee mwingine kunichunga. Wazee wa ukoo nao wakasema kwa kuwa nilitazamana na mama mkwe uso kwa uso lazima nitoe mbuzi, juu ya ng'ombe ninaodaiwa. Nasimiyu hakusema nami siku kadhaa, tukala chakula tumeketi kwenye kitanda, wageni wakija tunawapa ndoo. Halafu siku moja mtu akaleta mzigo kutoka Kamukuywa. Kilikuwa kigoda kidogo, kipya, cha kwetu kabisa, na mama mkwe alikuwa ametuma neno moja tu na mletaji: mkwe akiangalie miguu yote kwanza.

Nilikigeuza juu chini mbele ya Nasimiyu, tukaikagua. Yote ilikuwa rangi ya mti. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na mimi nikakaa.

Tangu hapo bosi yeyote akiniuliza kama kuna mtu ninayemjua mahali ninapotumwa, najibu nawajua wote, na kama kuna nisiyemjua, basi huenda nimekalia kiti chake.