Hatua za Chumbani

Kazi yenyewe ilikuwa kupima watu wanavyokaa. Mama yangu alipoisikia mara ya kwanza aliniuliza kama hao wataalamu kutoka Dar es Salaam hawana wazee wa kuwatunza huko kwao. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Mtanda, hapa Lindi, na nimechoka kuulizwa na kila jirani lini naanza kazi. Wangeniambia nipime watu wanavyopiga chafya, ningepima.

Kipimo kilikuwa kidude chembamba, hakizidi kiberiti, kinabandikwa pajani kwa plasta. Kinajua umesimama, umekaa, umelala au unatembea, na habari zote zinaingia kwenye simu tunayomwachia mshiriki. Simu hiyo nayo inalia mara kadhaa kwa siku na kumuuliza: sasa hivi unafanya nini? Anajibu kwa kubonyeza. Washiriki walikuwa vijana wasiozidi miaka thelathini. Kila mmoja alikaa na kipimo siku saba, na mimi nilipita mara kwa mara kuangalia kama simu ina chaji na plasta haijabanduka.

Wiki ya kwanza nilicheka sana. Dereva bodaboda mmoja wa kijiwe cha karibu na kwetu aliapa kwamba yeye hajui kukaa, mji mzima wa Lindi anauzunguka tangu alfajiri. Kipimo kikasema amekaa kutwa nzima. Akanijia juu, akasema mashine ina choyo. Ilibidi nimweleze kwamba hata juu ya pikipiki mtu amekaa. Halafu nikajipima mwenyewe, mimi niliyekuwa nikijiona mchapakazi, nikakuta nakaa kuliko yeye. Hilo sikumwambia.

Basi nikaingiwa na tamaa ya kumpata mtu anayekaa kweli, ili wenzangu ofisini waone wa kwangu. Nikamkumbuka mjane wa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, kwao Rondo, ameletwa Mtanda na ndoa. Kabla ya msiba tulimjua kwa miguu yake. Alikuwa anauza korosho za kukaanga, sinia kichwani, na ungeweza kumkuta stendi sasa hivi, ukageuka, ukamkuta sokoni. Mumewe aliugua homa siku tano, ya sita tukamzika. Tangu hapo binti alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje ya nyumba, hajipaki manukato, haonekani na mwanamume wa kando. Mimi nikajumlisha haraka haraka kichwani: mtu asiyetoka ni mtu anayekaa. Nilijiona nina akili sana.

Anayemlinda alikuwa mama mkwe wake, mwanamke mkavu wa maneno, ambaye hata paka wa jirani alikuwa anampisha njia. Na kwenye nyumba yenye eda huendi kunong'ona na mwenye eda. Unaingia ukumbini, unampa shikamoo mkubwa wa nyumba, unaketi, unaeleza kilichokuleta, yeye ndiye anayekufikishia. Nikafanya hivyo. Akaniuliza kama hicho kidude kinapiga picha. Nikamwambia hakipigi, kinahesabu tu, na anayekibandika ni mimi mwenyewe, mwanamke mwenzake. Akaridhia. Binti alipoitwa naye akakubali, akaniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya chini: je, ili kifanye kazi ni lazima akae? Nikacheka, nikamwambia aishi kama siku zote.

Siku ya tatu nilirudi baada ya alasiri. Mama mkwe ndiyo kwanza alikuwa ametoka gengeni kwake, ambako huenda kila siku akishaswali adhuhuri, akimwacha binti peke yake na mlango umerudishwa. Akaniletea simu ukumbini. Nikaifungua nikiwa nimeketi ubavuni kwake.

Nilishtuka mpaka simu ikanidondokea mapajani. Binti alikuwa ametembea kuliko washiriki wangu wote. Siku ya kwanza hatua zaidi ya elfu kumi na nne, ya pili zaidi ya hapo. Nikaifunga simu, nikaifungua tena, nikitumaini imekosea. Haikukosea. Asubuhi mstari umelala kabisa. Ikifika adhuhuri unapanda, na unabaki juu hadi karibu na alasiri.

"Haya mwanangu, mashine inasemaje?" mama mkwe akaniuliza.

Katika mafunzo tulifundishwa kwamba habari za mshiriki ni zake mwenyewe, haambiwi mume, haambiwi mama, haambiwi mtu. Nilikuwa nimetia saini. Lakini hiyo karatasi iliandikwa na watu ambao hawajawahi kuketi kwenye ule ukumbi. Mkubwa wa nyumba anakuuliza, nyumba ni yake, msiba ni wake, wewe mtoto wa juzi utamwambia sikwambii? Sikulelewa hivyo. Mdomo ukajibu wenyewe, tena kwa mshangao, kama mtu anayesimulia kioja: mama, mkweo anatembea sana, tena adhuhuri mpaka alasiri.

Nilipomaliza kusema ndipo nikasikia nilichosema.

Mama mkwe hakupandisha sauti. Aliuliza ametembea wapi, nikajibu sijui, kipimo hakisemi mahali. Akatazama mlango wa mbele. Saa zile ndizo saa zake za genge, na mimi ndiye niliyezitaja. Kwa sentensi moja nilikuwa nimemwambia kwamba mke wa marehemu mwanawe, kaburi bado bichi, anangoja yeye atoke ili naye atoke.

Akamwita binti. Akamwambia, mbele yangu, kwamba kama amevunja eda aseme, na kesho asubuhi atampakia gari la Rondo akajieleze kwao. Nilijua maana yake. Mjane aliyerudishwa kwao eda haijaisha hana la kujitetea, maisha yake yote litasemwa neno hilo. Nikaanza kujikanyaga: pengine plasta ilikaa vibaya, pengine mashine ni mbovu. Nilikuwa tayari kuisingizia mashine, ofisi, na mimi mwenyewe.

"Mashine si mbovu, dada," binti akasema. Akatuashiria tumfuate.

Chumba chake na marehemu mumewe kilikuwa kidogo, kitanda upande mmoja, mkeka chini. Akasimama kwenye ukuta wa dirishani, akaanza kutembea. Hatua sita, akafika ukuta wa pili, akaugusa kwa kiganja, akageuka. Sita, akagusa, akageuka. Alikuwa hatutazami. Nikautazama mkeka: katikati umelika, ukindu umechakaa na sakafu inaonekana. Nikatazama kuta. Mahali kiganja kinapogusa, chokaa ilikuwa imefutika, udongo umetokeza, na ukuta wa pili vivyo hivyo. Siku zote hizo tulikuwa tunapita nje ya dirisha lile, tunasema masikini, ametulia.

Mama mkwe aliweka mkono wake pale palipofutika chokaa. Akamuuliza kwa nini anangoja mpaka yeye atoke.

"Naona haya, mama. Utasema nina wazimu." Bado alikuwa anatembea. "Kukaa siwezi. Siku tano zile nilikaa. Nimekaa hapo, namshika mkono, magari yanapita barabarani nayasikia, na mimi nimekaa. Alipokata roho nilikuwa nimekaa. Nikikaa sasa namsikia anavyohema."

Nilikuwa nimepita nyumba hadi nyumba na fomu yangu, nikimwuliza kila kijana kwa nini anakaa, na majibu nimepangiwa ya kuchagua: kazi, masomo, simu, uchovu. Nilisimama mle chumbani na aibu imenijaa mpaka masikioni. Kwa ajili ya kuwashangaza watu wa ofisini nilikuwa nimemfungulia mtu mlango wa jeraha lake, tena mbele ya mtu ambaye yeye binti alikuwa akimficha.

Mama mkwe alishusha mkono, vumbi la chokaa limemganda vidoleni. Nilidhani sasa ndipo atakaposema la kwake, amwambie miiko ni miiko, au amwambie afunge virago. Alimfuata binti kwa macho, ukuta hadi ukuta, mara mbili.

"Ni mimi niliyesema tusubiri asubuhi," akasema. "Wewe ulitaka gari la kumpeleka hospitali. Ulisimama, ukachukua kanga yako, ukafika mlangoni. Mimi nikakwambia kaa."

Binti akasimama katikati ya mkeka. Hakulia, wala mama mkwe hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hakuna aliyenijali, ndivyo ilivyostahili. Sijawahi kusikia mtu mzima, wa heshima zake, akilibeba kosa namna ile mbele ya mgeni, bila kulizungushia maneno. Nilijua pia kwamba mimi si mtu wa kulisikia. Nikataka kutoka, yule mama akanizuia kwa jicho.

Akauliza siku za kipimo zimebaki ngapi. Nikamwambia nne, lakini nakiondoa sasa hivi, na nikirudi ofisini nitasema kosa langu. Akasema kosa langu niseme, ila la kuondoa kipimo ni la mwenye paja. Binti akasema kibaki.

Basi mama mkwe akatoka kwenda ukumbini na sisi nyuma yake. Akakomea mlango wa mbele, akashusha pazia la dirisha la barabarani, akapima kwa macho kutoka ukuta hadi ukuta. Akasema kile chumba ni kifupi kwa mtu mwenye miguu, huku ni kurefu zaidi, na kuanzia leo mtu asingoje yeye aende gengeni. Kisha akanyanyua kiti cha kwanza, akaniambia nishike cha pili. Tukavitoa vyote uani.