Ndoo ya Bluu ya Mama

Kaa hapo kwenye ndoo nyekundu, mfuniko wake mgumu, hautapasuka. Ya bluu usiikalie. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikuite, kwa hiyo tulia, usikilize mpaka mwisho, halafu unisaidie kufikiri.

Nilipokuwa mtoto, hapa hapa Kasingirima, Kigoma, tuliishi watatu: mimi, Bibi, na Mama ambaye siku nyingi hakuwepo. Mama alikuwa mtu wa boti. Alikuwa anachukua chumvi na sabuni anavuka nazo ng'ambo ya ziwa, Kongo, anarudi na vitenge na madumu ya mawese. Wiki mbili yuko huko, wiki moja yuko hapa. Akirudi nilikuwa namnusa kabla sijamwona, mawese na moshi wa injini. Mpaka leo nikipita bandarini Kibirizi boti ikawashwa, shingo inageuka yenyewe.

Halafu vita ikaanza upande ule, na Mama yuko huko huko.

Boti zikawa zinaleta watu badala ya mizigo. Watu na magodoro, watu na sufuria kichwani, mtoto kabebwa na mtoto mwenzake. Kila siku nilikuwa natoroka shule naenda Kibirizi kuangalia nani anashuka. Ndiyo maana nimeishia darasa la tano, nisikudanganye, hakuna mtu aliyenifukuza. Ubao ulikuwa haunionyeshi Mama.

Bibi hakwenda Kibirizi hata mara moja. Yeye alianza kuweka akiba.

Kile chumba cha nyuma kilikuwa cha kuku. Akawahamishia kuku jikoni, akapanga mabanzi chini ili magunia yasiguse sakafu, akaanza kujaza. Maharage alikuwa anayafuata mwenyewe Simbo kwa wakulima, akifika anayachanganya na majivu yasiingie wadudu. Makopa ya muhogo akayapanga ukutani kama matofali. Sabuni ya mche aliikata vipande akaiacha ikauke mpaka ikawa kama jiwe, maana sabuni mbichi inaisha haraka. Viberiti vilikaa kwenye kopo la maziwa. Dagaa alikuwa ananunua siku za giza, boti nyingi zinapoingia na wako bwerere, kwa sababu mbalamwezi ikishatoka taa za wavuvi hazivuti kitu, wanakaa nchi kavu, na mji mzima unakula ugali kwa chumvi.

Jirani yetu Mama Hadija alikuwa anachungulia kwenye ua wetu kila gunia linapoingia.

"Bibi, unafungua duka hutuambii?"

"Nafungua. Lina mteja mmoja tu."

"Nani huyo mwenye bahati?"

"Yuko ng'ambo. Wewe endelea kwenda dukani kwa Mpemba."

Huyo mteja ndiye mwenye ndoo ya bluu. Kila dagaa walioingia, kabla hawajamwagwa kwenye gunia, konzi moja ya kwanza iliingia ndani ya ndoo. Konzi ya Mama. Kwenye mkono wa ndoo Bibi alifunga kipande cha kitenge alichokichana kwenye kitenge cha Mama, kile cha njano chenye samaki, kilichobaki kwenye kamba siku aliyoondoka. Na sheria yake ilikuwa moja. Fungu la mtu aliye njiani haliliwi wala halitolewi nje. Atalifungua mwenyewe akifika.

"Likitoka kabla yake, njia inajifunga," Bibi alisema. "Atafika mahali aone ziwa limekuwa ukuta."

Hayo aliyapata kwa mama yake, huko ng'ambo walikotoka zamani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwaanika wale dagaa kila wiki wasiote ukungu. Kuanika ruhusa, kuonja marufuku. Hata kidole nikishawagusa sikilambi, nakipangusa kwenye sketi, halafu nanusa sketi.

Sasa siku yenyewe.

Ilikuwa mbalamwezi, siku ya nne au ya tano, mchana. Bibi kaenda Simbo kufuata maharage, funguo ya chumba cha akiba iko kiunoni mwake. Mimi nimekula ugali na chumvi, nimekaa ukumbini nalinda mkeka wa dagaa wa Mama dhidi ya kuku na paka wa Mama Hadija. Akaingia mwanamke. Mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelala upande, mdomo wazi. Miguu yake ina mchanga mpaka magotini.

"Mwanangu, naomba mayi. Mutoto iko na kiu."

Nikasimama kabla hajamaliza. Kile Kiswahili kilikuwa cha Mama akiwa ametoka safari. Nikamletea maji, akamnywesha mtoto kwanza, akanywa yeye, akanywa tena. Halafu macho yakaenda kwenye mkeka yakabaki huko.

"Ile dagaa ni ya nani?"

"Ya Mama."

"Na mama iko wapi?"

Hapo nikamwaga yote. Yuko ng'ambo, anauza vitenge, anaitwa Mama Riziki na mimi ndiye Riziki, ana pengo hapa mbele, anacheka kwa sauti kubwa. "Hujamwona?"

Aliniangalia. Akaangalia dagaa. Akampandisha mtoto mgongoni ingawa hakuwa ameshuka.

"Nilimuona," akasema. "Ule wa pengo. Iko anakuya."

"Lini?"

"Boti ya nyuma yetu."

Sikiliza, sijawahi tena kupata furaha kama ile. Siku niliyojifungua sikuipata. Kama Mama yuko boti ya nyuma, ndoo ya nini? Njia gani ijifunge wakati mtu keshaimaliza? Nikawazoa dagaa wote kwa mikono miwili, yule mwanamke akatandika nguo chini, nikamimina mpaka wa mwisho. Halafu nikafungua kile kitambaa cha njano kwenye mkono wa ndoo nikampa na chenyewe. Nikamwambia, "Ukikutana naye njiani mwonyeshe hiki, atajua umepita kwetu."

Akakipokea. Hakusema asante, alinishika kichwa tu. Akaondoka haraka kidogo.

Nami nikakimbia Kibirizi. Boti ya nyuma iliingia alasiri. Nikahesabu wanawake wote walioshuka, nikawa nawachekea usoni ili na wao wacheke nione meno. Mmoja akaniuliza kama nina wazimu. Nikakaa mpaka wapagazi wakaniambia nenda nyumbani, leo haiji nyingine.

Nilimkuta Bibi amekaa ukumbini, ndoo tupu katikati ya miguu yake. Nikamweleza. Sikuficha kitu, hata nilikuwa bado na furaha kidogo, nilidhani labda ni boti ya kesho.

"Alikwambia mama yako amevaa nini?"

"Sikumuuliza."

"Alikwambia anaitwa nani?"

"Jina nilimtajia mimi."

"Na pengo?"

Nalo nilikuwa nimemtajia mimi. Hapo ndipo nilipoelewa, nikiwa nimesimama mlangoni na mchanga wa Kibirizi miguuni.

"Basi njaa ndiyo iliyokujibu, mjukuu wangu," Bibi akasema.

Nilisubiri fimbo. Angenichapa ningelia ikaisha. Aliingia ndani, akatoka na kitenge cha Mama, akakichana kipande kingine. Nasikia mpaka leo ule mchaniko. Akakifunga kwenye mkono wa ndoo, akaenda kwenye gunia, akarudi na konzi moja ya dagaa, akaidondosha ndani. Walipogonga kitako cha ndoo walitoa sauti kama mvua inapoanza kwenye bati. "Tunaanza upya," akasema.

Mama hakuja na boti ya kesho. Hakuja mwaka ule. Vita ikapoa, watu wengine wakarudi kwao, wakaja wengine. Hakuna aliyetuambia yuko hai, hakuna aliyetuambia amekufa. Ziwa likawa ukuta kweli, kama Bibi alivyosema.

Mimi baada ya hapo sikutulia. Nimesuka nywele za watu, nimesafiri na magunia ya dagaa mpaka Dodoma, nimeishi Tabora nikakimbia bila sababu. Kila mahali nakaa kama mtu anayesubiri kuitwa. Bibi alipozidiwa ndipo nikarudi. Siku zake za mwisho alisahau jina langu, lakini asubuhi moja aliniuliza, "Ndoo imejaa?" Nikamwambia imejaa. Akafumba macho, ameridhika.

Unataka kujua kama naamini. Kuna siku nasema acha ujinga, njia ilifungwa na bunduki, mtoto wa miaka kumi na mmoja hawezi kufunga ziwa. Halafu inafika siku ya kuanika, nawashika wale dagaa, na kidole sikilambi. Kile kitenge cha njano kipande kikichakaa nachana kingine. Sasa hivi kimebaki upana wa kiganja. Samaki mmoja na nusu.

Na yule mwanamke simchukii. Ningekuwa na mtoto mgongoni hajala, ningekuambia nimemwona hata babu yako aliyekufa. Kinachonila ni kwamba labda alimwona kweli. Sitajua. Nilimpa jibu kabla ya kumuuliza, na chakula nikakiweka wazi mbele yake.

Sasa sikia kwa nini nimekuita. Watu wameanza tena kuvuka, unawaona mwenyewe. Jana kaja hapa mwanamke, mtu mzima, na mjukuu mkononi, akaomba mayi kwa sauti ile ile. Nikampa. Akakaa hapo hapo ulipokaa. Akaniambia alikuwa anauza vitenge zamani, kwenye boti, alikuwa anafika mpaka Kigoma. Nikamwambia arudi leo jioni nitampikia.

Nimpikie nini? Leo mbalamwezi siku ya tano. Pesa yote imeisha kwenye ada ya mtoto. Akiba yangu si kama ya Bibi, imebaki unga na chumvi, na hiyo ya bluu, imejaa mpaka juu. Nikimuuliza habari za Mama kabla hajala, itajibu njaa tena. Nikimlisha kwanza ndipo nimuulize, nitapata ukweli wake, lakini nitakuwa nimelitoa fungu la Mama kwa mkono wangu mara ya pili, na yeye bado yuko njiani.

Jua hilo linashuka, atafika sasa hivi. Ungekuwa wewe, ungeifungua?