Lama Aliyepapaswa Kichwa

Katika nyumba zote za mtaa ule wa Mawaleh, Oman, ya Harub bin Aflah peke yake ndiyo iliyobakia na zizi. Majirani walikwisha kuyavunja yao. Mmoja alijenga banda la magari, mwingine akamwaga saruji ua mzima akaweka vyungu vya maua ya plastiki, akaiita bustani. Nyama walinunua dukani, imeganda kama jiwe, haijulikani kachinja nani wala mnyama alikula nini. Watoto wao wakimwona mbuzi walikimbilia nyuma ya mama zao. Hayo ndiyo yaliyoitwa maendeleo, na aliyeyahoji aliambiwa kazeeka.

Harub alizaliwa Mkoani, Pemba, akaja Oman miaka ya sabini akiwa mtu mzima. Alichokuja nacho, ambacho mtu wa forodha hakuweza kukipekua, kilikuwa mkono wake. Mkono ule ulijua kumgeuza ndama aliyekaa vibaya tumboni, kulitoa kondo lililokwama, kumkanda mbuzi aliyevimbiwa mpaka apumue. Hapa akajifunza na ya ngamia. Ijumaa baada ya sala watu walikuwa wakimngoja mlangoni, huyu na mbuzi wake, huyu na punda wake. Kisha zizi moja likavunjwa, la pili likavunjwa, na Ijumaa zikawa kimya. Ilipofika mwaka 2001 Harub alikuwa mlishaji mifugo katika shamba la tajiri mmoja aliyeitwa Mahfoudh, na mkono ulikuwa umelala usingizi.

Mahfoudh alikuwa amesafiri Ulaya akawaona malama kwenye bustani, akawapenda kama mtu apendavyo saa ya ukutani. Akaleta watano kwa ndege. Wanyama wa milima ya baridi, wenye sufu ya kuzamisha vidole, akawaweka Mawaleh, mahali ambapo mwezi wa Juni hata kunguru hukaa mdomo wazi.

Siku walipoteremshwa Harub aliwazunguka mara mbili. "Huyu ni ngamia aliyevaa koti," alisema. "Nani kamdanganya kuwa huku kuna baridi?"

Sufu ilipaswa kunyolewa kabla ya joto. Mahfoudh hakutaka. Wageni wake walikuja kupiga picha, na lama aliyenyolewa hana sura.

Basi jike mmoja akazaa asubuhi ya Juni, dume, mwembamba, miguu kama fito. Adhuhuri mama akalala chini, akawa anapumua mdomo wazi. Akaitwa daktari wa mifugo kutoka zahanati ya mjini: Wilkister, mwanamke wa Kisumu, mrefu, viatu vya mpira, sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alimkuta Harub anammwagia mnyama maji mgongoni.

"Mzee, si hapo! Mwagia tumbo na mapaja. Mgongoni sufu inashika maji, unampika."

Walimwagia tumbo, wakamtundikia chupa ya maji ya mshipa, wakampepea kwa jamvi. Alasiri haijaadhiniwa, mama akafa. Mtoto alikuwa amesimama kando, ananusa ukuta akitafuta ziwa.

Mahfoudh alitazama kwa mbali. "Mchukue," alimwambia Harub. "Ukimponya ni wako."

Mkono ukaamka. Harub aliona kama amerudishiwa Ijumaa zake zote. Akimlea huyu akawa mnyama kamili, hakuna wa kusema tena kuwa ya zamani yamekwisha. Alikwenda kwa Bakhita, jirani wa mtaa wa pili ambaye bado alifuga mbuzi wachache kwa siri, manispaa isijue, akapata dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ya mbuzi aliyezaa siku hiyohiyo, akaitia katika chupa ya mtoto.

Daktari alipokuwa anafunga mkoba wake alisema, "Mzee, nisikize vizuri. Mpe chupa kupitia uzio, kisha geuka uende zako. Usimkumbatie, usimwongeleshe, usimshike kichwa. Mwache akae na wenzake huku shambani. Mbuzi hawana neno, lakini dume la lama likilelewa na mtu, likikua linaharibika."

"Usimshike kichwa?" Harub alicheka kwa kutoamini. "Yatima huyu, daktari. Kwetu yatima hupapaswa kichwa. Kila unywele unaopita chini ya mkono wako una thawabu yake."

"Huyo ni yatima wa binadamu, mzee."

"Yatima ni yatima."

Si kwamba alikuwa mkaidi tu. Baba yake alikufa yeye akiwa hajaota meno ya pili, na hakuna mwanamume wa Mkoani aliyepita barazani kwao bila kumwekea mkono kichwani. Mvuvi, mwalimu wa chuo cha Kurani, mlevi wa mtaa, wote. Watu wa leo wakimwona yatima humpelekea mfuko wa mchele, wakapiga picha. Mkono hawana.

Akamchukua mtoto nyumbani. Mkewe Nadra alimtazama yule kiumbe mwenye kope ndefu, akasema, "Bibi arusi gani huyu?" kisha akamtandikia gunia jikoni, kama mama yake alivyomtandikia kila mwana-mbuzi aliyefiwa. Wakamwita Sudi. Alilala jikoni, alinyweshwa mapajani, alipapaswa kichwa kwa kila chupa. Alipoota meno ya kutafuna, Harub alimwokotea majani ya kabichi kule sokoni, penye lundo nyuma ya malori ya mboga. Sudi alimfuata mpaka mlango wa msikiti akamngoja nje, na watu wakawa wanacheka: "Sheikh Harub, mwanao leo hakutawadha?"

Harub naye alicheka. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, alikuwa akiwajibu, na yeye alijua anavyomlea.

Mwaka ulipopita daktari alipitia kuwachanja malama wa shamba, akaja kumtazama Sudi. Sudi alimwendea kifua mbele, akamsukuma hadi ukutani. Nadra akaona ni mchezo.

"Si mchezo," alisema Wilkister. "Haogopi watu. Wenzake wa shambani wananikimbia, huyu ananijia. Mzee, niruhusu nimhasi sasa, bado mdogo. Kisha tumrudishe kwa wenzake, pengine atajifunza."

Harub alikunja uso. "Nimnyang'anye yatima na alichopewa na Mungu? Mimi? Kwanza kamuulize mtu yeyote wa kwetu, kumkata mnyama ni haramu."

"Wengine wanasema inafaa kama ni kuzuia madhara."

"Wengine ndio waliotufikisha hapa tulipo."

Daktari hakubishana. Alimwomba tu, kwa sauti ya chini, afikirie tena. Harub alifikiri jioni ile nzima, mkono juu ya kile kichwa chenye joto, na kila alipofikiri alijiona yeye ndiye anayeletewa kisu.

Mwaka wa tatu Sudi akaota meno ya kupigania, yale makali ya nyuma ambayo madume hukatana nayo. Akaanza kulaza masikio. Akamtemea mate ya kijani mleta gesi, akamrukia msoma mita ya maji, akamng'ata paja. Bakhita alipopita alisema juu ya ukuta, "Fadhila ya punda mateke, Harub. Mtoe huyo." Watoto wa Harub walikuja Ijumaa wakabaki ndani ya magari wakipiga honi. Alimfunga kwa kamba. Sudi alilia mlio mwembamba wa kutoboa masikio mpaka Harub akamfungua, akampapasa, naye akatulia. Kwa Harub peke yake alitulia. Hilo ndilo lililomdanganya.

Asubuhi moja Nadra alitoka na beseni la nguo. Sudi alikuwa pembeni mwa zizi, shingo wima. Harub alikuwa anafunga bomba, akasikia beseni likianguka. Alipogeuka Sudi alikuwa amekwisha kumwangusha mwanamke aliyemnywesha mapajani, kamkalia kwa kifua chake kizima, anamng'ata bega, anapiga ule mlio. Harub alimpiga kwa mpini wa jembe. Alimpiga kichwani, palepale.

Nadra alivunjika nyonga. Alipokuwa anapandishwa kwenye gari la hospitali alimshika mumewe kanzu. "Nilimfanya nini, Baba Amur? Nimemfanya nini mimi?" Nadra hakutembea tena bila fimbo.

Daktari Wilkister alikuja adhuhuri. Hakusema "si nilikuambia," na Harub angependa aseme.

"Mhasi basi," alisema mzee. "Mhasi leo. Mkate meno. Mpeleke shambani."

"Mzee wangu, wakati umepita. Nikimhasi sasa hasahau. Hajui yeye ni lama. Anadhani nyinyi ndio malama wenzake, na akishakuwa dume anapigana na malama wenzake. Hakuchukii. Akipelekwa kokote atamuua mtoto wa mtu."

"Sisi tumemfanya hivyo?"

Daktari aliangalia mkoba wake. "Hakuna wa kumshika isipokuwa wewe."

Harub aliingia zizini na kamba. Sudi alimjia masikio mbele, na alama ya mpini juu ya jicho, akaweka shingo yake begani kwa mzee kama siku za chupa. Daktari alichoma sindano ya usingizi. Miguu ikalegea, akapiga magoti mwenyewe, kama ngamia aliyefundishwa.

"Sasa unaweza kumpapasa, mzee," alisema Wilkister, na akachoma ya pili.

Harub alinyanyua mkono. Ukabaki hewani. Mkono uliowageuza ndama wa Pemba, mkono ulioamshwa Juni ile, haukushuka. Sudi alikufa macho yamemtazama, anaungoja.

Gari la manispaa likamchukua, na mwezi haukwisha wakaja kuandika zizi livunjwe. Harub aliwasaidia kung'oa nguzo.

Majira ya baridi yaliyofuata Bakhita aligonga lango. Mbuzi wake mmoja alikufa katika kuzaa, na yeye, kama watu wa kale, alimletea Harub mwana-mbuzi aliyebaki, kamfunga kwenye kanga. "Wewe ndiye mwenye mkono," alisema.

Nadra, kutoka kitini, alisema, "Mbuzi hana neno, Baba Amur. Daktari mwenyewe alisema mbuzi hawana neno."

Harub alitia maziwa katika chupa. Akarudi, lakini hakufungua lango. Alipitisha chupa katikati ya nondo, akaishika kwa ncha za vidole, na uso wake akaugeuzia ukutani mpaka mtoto akamaliza kunyonya.

"Mbona humtazami?" aliuliza Bakhita.

Harub alivuta chupa ndani. "Mrudishe kwa wenzake," alisema, akaingia ndani. Mwana-mbuzi akabaki amepenyeza kichwa kwenye nondo, analia.