Bango la Mama Fimbo

Alikuwa fundi cherehani, na kazi yake kubwa ilikuwa sare za shule, lakini hakuna aliyemwita Fundi. Mtaa mzima, kuanzia muuza mkaa hadi mwalimu mkuu, ulimwita Mama Fimbo. Asubuhi kabla ya kufungua duka alikuwa akipita barabarani na mkoba mrefu begani, mkoba alioushona mwenyewe kwa mabaki ya kaki, na ndani yake fimbo za gofu zisizofanana hata mbili. Mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko wateja, alizoea kusema kwamba mkewe ana wanaume wawili, yeye na kile kijipira cheupe, na kwamba siku hizi mwenzake ndiye anayependwa zaidi.

Watu wa mbali wakisikia gofu hudhani ni mambo ya matajiri. Uwanja ule haukuwa hivyo. Ulikuwa mali ya manispaa. Ulikata tikiti yako kwenye kidirisha, ukaingia, uwe nani uwe nani. Ubavuni mwake palikuwa na bustani ya kupumzikia, na katikati ya bustani na uwanja ilipita njia ya miguu iliyotoka sokoni kwenda nyumba za nyuma na zahanati. Ilikuwa njia ya watu wote: wanafunzi, wauza mboga, wajawazito wanaokwenda kupimwa. Mpira ukiruka vibaya, mchezaji hupiga kelele, na wapita njia huinama kama wanaoswali, kisha huendelea na safari zao.

Baba yake Mama Fimbo ndiye aliyekuwa akikata nyasi pale, na alipostaafu kazi ile ikashikwa na mwanawe mkubwa, kaka yake Mama Fimbo. Yeye binti alijifunza mchezo kwa mpini wa reki ya baba. Hakuwa na mapigo ya kupendeza. Alipiga chini chini, kama anayefagia ua, na wageni walicheka mpaka walipouona mpira umefika karibu na shimo. Basi walinyamaza, na wengine waliomba kushonewa mikoba.

Lakini uwanja ulizeeka. Bwawa lilianza kunuka, nyasi zikaota vipara, mabenchi ya bustani yakabaki miguu mitupu. Manispaa kila mwaka iliahidi na kila mwaka ilisahau. Kwa hiyo zilipokuja habari kwamba wafadhili wamejitokeza kuutengeneza upya uwanja na bustani yake, kwa michango yao wenyewe, mtaa ulifurahi, na Mama Fimbo alifurahi kuliko mtaa.

Mwenyekiti wa wafadhili alikuwa mwenye kiwanda cha rangi, mzee mtaratibu, hana majivuno ya kelele. Alifika na mchoraji wa ramani, wakauzunguka uwanja mzima kwa miguu. Walipomkuta Mama Fimbo akicheza na mkoba wake wa kaki, Mwenyekiti alisimama akamtazama kwa muda, kisha akamwomba wampige picha. Alitaka watu waone, alisema, kwamba mchezo huu ni wa kila mtu.

Haukupita muda, pale kwenye lango kuu likasimama bango. Uso wa Mama Fimbo ulikuwa mkubwa kama mlango wa gereji, anacheka, fimbo begani, na chini yake maneno manene: UWANJA WA WOTE. Watoto waliokwenda dukani kupimwa sare wakaanza kumwamkia, "Shikamoo Mama Bango." Kinyozi alitangaza kwamba kuanzia sasa hatabishana tena nyumbani, maana mtu na akili zake hawezi kugombana na mke mwenye uso mkubwa kuliko kitanda. Mama Fimbo alijifanya kukereka, lakini alikuwa akipita njia ya lango kuu hata siku ambazo hakuwa na sababu ya kupita huko.

Kazi ilianza na ilikwenda. Bwawa lilisafishwa. Udongo uliletwa, mabomba ya maji yakalazwa, jengo la wachezaji likaanza kuinuka kuta. Kaka yake aliahidiwa kuwa msimamizi mkuu wa eneo zima litakapofunguliwa, akashonewa na dada yake suti ya kijani ya kazi, akatembea kifua mbele.

Asubuhi moja Mama Fimbo alikuta vijana wakichimba mashimo ya nguzo katikati ya njia ya miguu. Aliwauliza nguzo za nini. Wakamwambia za ukuta. Akawauliza ukuta unaishia wapi, nao wakaonyesha kwa koleo: kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho wake. Akadhani hawajaelewa walichotumwa, akamwita kaka yake. Kaka yake hakumjibu mbele za vijana. Alimshika mkono akampeleka pembeni, kwenye banda la mashine, na hapo ndipo alipomweleza yote. Njia ingefungwa. Wa sokoni wangezunguka barabara kuu yenye malori. Bustani ingekuwa ya maua, ya kutazamwa kupitia uzio. Na uwanja ungekuwa wa wanachama siku zote isipokuwa asubuhi moja ya kila wiki, ndiyo ya wananchi.

"Na wewe ulijua," alisema Mama Fimbo.

"Nilijua. Sasa nifanyeje, mdogo wangu? Uwanja ulikuwa unakufa. Afadhali nusu yake iwe hai kuliko wote uoze."

"Nusu ya nani?"

Kaka yake alimsihi asilivuruge jambo. Alimkumbusha kwamba yeye ana uso pale langoni, hakuna wa kumzuia kuingia. Akamwambia asije akakata pua akidhani anaunga wajihi. Mama Fimbo alimwacha pale pale bandani. Alikwenda kazini, na siku ile alishona shati la shule lenye mikono miwili ya kushoto, jambo lililokuwa halijapata kumtokea.

Kesho yake alimwendea Mwenyekiti kwenye lile jengo lisilo na paa. Alimwamkia kwa heshima, akaulizia njia. Mzee hakumdanganya. Alimkalisha kwenye tofali lililotandikwa gazeti, akamweleza kwa upole kwamba waliotoa vyao lazima waone tofauti, la sivyo hawatatoa tena, na bila wao uwanja utarudi kuwa kichaka. "Mkono mtupu haulambwi, mama," alisema. Kisha akaingiza mkono mfukoni akatoa kadi ngumu yenye jina la Mama Fimbo. Ilikuwa kadi ya uanachama, ya bure, ya maisha. Alisema wafadhili wote wamekubaliana kwamba anastahili.

Aliipokea kwa mikono miwili, maana ndivyo alivyolelewa. Aliiangalia. Hatujui ni nini kilipita moyoni mwake, lakini mumewe alisema baadaye kwamba mkewe aliyatamani majani yale mapya kama mtoto anavyotamani mvua. Kisha aliiweka kadi juu ya tofali, polepole.

"Mzee wangu, mkono unaonipa huku unanisukuma, sijajifunza kuulamba," alisema. "Naomba uuondoe uso wangu pale nje."

Mwenyekiti alisema hilo halitawezekana, bango limeshalipiwa na picha ni mali ya kamati ya wafadhili.

"Basi nitauondoa mwenyewe."

Mzee alitabasamu, akidhani ni maneno ya hasira.

Mama Fimbo aliweka kando oda za watu kwa siku mbili. Alitoa mabaki yote ya vitambaa vya sare, ya buluu, ya kijivu, ya kahawia, akayaunganisha mshono juu ya mshono kwa uzi wa kushonea magunia, kwa sababu alijua upepo wa pale langoni hauna adabu. Akapitisha kamba pembeni kama anayeshona pazia. Kinyozi alimuuliza kama hilo ni shuka la jitu. Alipoambiwa ni nini, aliacha mzaha. Kisha akaenda kuazima ngazi kwa mchora mabango.

Walikwenda mchana kweupe, saa ambayo soko lote hutoka. Mlinzi wa lango, ambaye watoto wake wote walivaa sare za Mama Fimbo, aliuliza kama ana kibali.

"Kibali cha kuufunika uso wangu?" aliuliza yeye, mguu wake tayari ngazini.

Mlinzi alikumbuka ghafla kwamba upande wa pili wa lango nako kunahitaji ulinzi.

Kinyozi alishika ngazi kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, akiomba. Juu, mkewe alifunga kamba moja baada ya nyingine, mpaka pazia la viraka likaufunika uso wote, kicheko na fimbo. Maneno ya chini hakuyagusa. Watu walikuwa wameshajaa barabarani, wa mboga na mafungu yao, wanafunzi, hata dereva mmoja wa lori la mchanga aliyezima injini. Aliposhuka wakamuuliza maana yake nini.

"Uso ni wangu, maneno ni yao," alisema. "Nimechukua changu. Nilivishwa kilemba cha ukoka, tena ukoka wa uwanja wetu wenyewe. Wakiyatimiza maneno yale, pazia nitalishusha."

Jioni pazia lilichanwa na watu wa kamati. Alishona jingine. Hilo nalo likachanwa, naye akaketi tena kwenye cherehani, lakini safari hii hakuwa na haja ya mabaki yake. Wanawake wa sokoni walileta vipande vyao, kanga zilizochakaa, mapazia, mtu mmoja hata suruali ya harusi ya mumewe ambayo haikumtosha tena. Pazia la tatu halikuchanwa. Mlinzi alisema ngazi ya kamati imepotea, na yeye hajui imekwenda wapi.

Manispaa, ambayo ilikuwa imelala usingizi wa pono, ikaamka na kuitisha mkutano wa hadhara katika ukumbi wa shule. Mwenyekiti alisema kwa uchungu wa kweli kwamba mji mzima unataka kupoteza kitu kizuri kwa ajili ya kiburi cha mtu mmoja. Wengine walimpigia makofi, na hawakuwa wachache. Walikuwepo waliokuwa wamechoka na bwawa linalonuka na hawakujali ukuta. Mama Fimbo alipopewa nafasi alisimama.

"Sijakataa msaada. Nimekataa kutumika," alisema. "Mtu akinipa nguo mpya, nitamshukuru mbele ya watu. Lakini akinipa nguo mpya halafu akanifungia nje ya nyumba yangu, nguo hiyo nitaivalia wapi? Wafadhili wametoa, Mungu awabariki. Na sisi tumetoa ardhi. Mbona anayetoa ardhi haonekani ametoa?"

Baada yake alisimama mwanamke mmoja mzee, mjane, aliyekuwa miongoni mwa wafadhili. Alikuwa ametoa mabenchi mapya ya bustani kwa kumbukumbu ya mumewe. Alisema marehemu alizoea kuketi pale akitazama watu wakipita, na yeye hakutoa mabenchi ili yatazame ukuta. Kisha akaketi.

Kamati ilipasuka. Mwenyekiti alijitoa na wenzake kadhaa, na chemchemi ya mapambo waliyoiahidi ikaondoka nao, pamoja na paa la jengo la wachezaji. Waliobaki, wakiongozwa na mjane, walichora upya, kidogo na kwa uwezo wao. Njia ya miguu ilibaki, ikawekewa wavu wa kuzuia mipira. Bustani ikabaki wazi. Tikiti zikarudi kwenye kidirisha, siku zote. Lakini ili wavu upate nafasi, shimo la karibu na bwawa lilifukiwa, na hilo ndilo shimo ambalo Mama Fimbo alilipenda kuliko yote. Alisimama akatazama likifukiwa mpaka mwisho, kisha akaenda kulishusha pazia kama alivyoahidi.

Mwenyekiti alikuja kucheza siku moja, akapanga foleni kama watu. Mama Fimbo alimwamkia, naye akaitikia. Akasema uwanja huu ni maskini kuliko ulivyostahili kuwa. Mama Fimbo akakubali kwamba ni kweli. Akasema pia kwamba uko wazi, na akamwonyesha mahali ambapo mpira hudunda vibaya.

Aliyeumia ni kaka yake. Cheo alichoahidiwa kilikuwa cha watu wa Mwenyekiti, kikaondoka na Mwenyekiti. Manispaa ikamhamishia makaburini, akakate nyasi huko, na suti ya kijani hakuivaa tena. Mvua za masika zilikuja zikaisha hajatia mguu kwa dada yake. Kinyozi, aliyekuwa akimnyoa, aliacha kuletewa kichwa kile. Mama Fimbo hakumfuata kumwomba radhi, kwa sababu hakuwa na radhi ya kuomba, lakini kila alipochemsha chai alichemsha na ya ziada, akaishia kuimwaga.

Alikuja mchana mmoja wa joto, na suruali mkononi. Hakukaa. Alisema zipu imekufa.

"Karibu, kaka," alisema yeye bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Usidhani yamekwisha. Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Na mimi bado sijutii." Alisukuma kigoda kwa mguu mpaka kikamfikia. "Leta suruali."

Kaka yake alikitazama kigoda kile kwa muda mrefu kabla ya kukaa.