Msimu Mama Alipozuiwa Bomani

Moshi wa samadi ya ng'ombe bado unanirudisha Susuni, kwenye msimu ule wa kupalilia mahindi ambao mama hakutoka nje ya boma letu. Baba alikuwa mwanajeshi, amepelekwa ng'ambo kulinda amani katika vita ambavyo kijijini hakuna aliyevipenda. "Vita vya ng'ombe tunavielewa," wazee walifoka, "hivi vya kwao vinatuhusu nini sisi?" Mwalimu wetu, mgeni kutoka Lindi, alinitazama kwa huruma iliyonikera kuliko kuchapwa. Kila mtu alivilaani vita vile, lakini waliofungwa navyo tulikuwa sisi.

Maana bibi, mama yake baba, alifufua mwiko wa zamani wa ukoo: mume akiwa vitani, mkewe havuki lango mpaka arudi. Akivuka, mume anakufa huko aliko. Basi mama alipikia humo, akafulia humo, na shamba akaliona kwa mbali, juu ya uzio wa minyaa, likimezwa na magugu. Maji nilichota mimi, dukani nilitumwa mimi. Kuna siku nilimwonea huruma, na kuna siku, Mungu anisamehe, nilimchoka tu.

Ndipo mjomba, kaka yake mama, akaja na bodaboda kutoka Nyansurura, vumbi mpaka kwenye kope. Alimpa bibi shikamoo, maji aliyokaribishwa hakuyagusa. "Dada, mama amezidiwa. Anakuita wewe tu." Mama akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge cha safari. Bibi alikuwa ameshasimama langoni. Hakupiga kelele. "Nenda, mwanangu," alisema. "Ila ujue utakuwa umemuua wewe." Mama alimpigia baba simu, akapiga tena na tena, haikupatikana. Alisimama pale mpaka dereva wa bodaboda akaanza kunung'unika, halafu akamwambia mjomba atangulie. Atangulie! Sote tulijua hamfuati. Jamani, nilitamani nimsukume kwa mikono yangu hadi barabarani.

Mama yake alizikwa Nyansurura huku yeye amekaa jikoni kwetu akichambua maharage. Hakulia mbele yetu.

Baba alirudi mzima, tena amenenepa. Vigelegele vilijaa boma, bibi akacheza mpaka kilemba kikamdondoka. "Mmeona sasa?" aliwauliza majirani. Mama alimwandalia mumewe chakula, akanawa mikono, akatoka langoni bila kumuaga mtu, akaenda kulitafuta kaburi.

Siku hizi baba amestaafu, bibi alishafariki, na vita vya mbali tunavitazama kwenye simu na kuvibishania huku tunakula. Wadogo zangu wakisikia habari za mwiko ule wanacheka, eti ujinga mtupu. Mimi nashindwa kucheka. Juzi tu wageni walimsifu mama kwamba uvumilivu wake ndio uliomrudisha mzee salama. Mama alimtazama baba, akamtazama sana.

"Ndiyo," akasema. "Nilimbadilisha na mama yangu."