Kuandika Bila Miraa Shavuni

Mama yangu alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu kule Runyenjes, mkali, wa pembe moja. Baba alikuwa na bucha hapa Meru mjini, Mwislamu, mama Muembu. Mwaka ule walikosana kidogo, mama akarudi kwao na mimi mgongoni. Hapana, si mgongoni, nilikuwa nimeshaota meno ya pili. Basi ndama akafa, na ng'ombe akakataa kutoa maziwa. Ukimshika chuchu anapiga ndoo teke inaruka mpaka kwa migomba. Mjomba akaichuna ile ngozi ya ndama, akaijaza nyasi kavu, akaisimamisha mbele yake. Ng'ombe akailamba, maziwa yakashuka. Mimi nililia kuliko siku ndama alipokufa, na mpaka leo sijui kwa nini.

Ngozi ikaoza. Ikanuka mpaka jirani akauliza tunaficha nini. Mama akaitupa. Kesho yake alfajiri akaingia bandani kama kawaida, akakaa kwa kigoda, akaimba wimbo wake wa kukamulia, akatoka na ndoo tupu. Kesho tena. Mjomba akamcheka.

"Unamkamua ama unambembeleza?"

"Mimi nakaa tu," mama akasema. "Shauri yake."

Huyo ng'ombe nitamrudia. Wacha kwanza niseme kilichonifanya nimkumbuke.

Mjukuu wangu msichana anasoma chuo huko Nchiru. Alikuja na daftari kubwa akaniambia, "Babu, ni wewe peke yako umebaki unayemjua mama yako. Picha hana. Andika." Nikamwambia mimi niliishia darasa la tatu, kalamu yangu ilikuwa kisu cha bucha ya baba. Hakucheka. "Kila siku kidogo, babu. Wakati ule ule, pahali pale pale."

Pahali nilikuwa napo. Nyuma ya duka moja la mabati karibu na Kinoru, baada ya swala ya adhuhuri, nilikuwa natafuna miraa na rafiki yangu, dereva mstaafu wa lori za Isiolo. Miraa ikishika, maneno yanasukumana mlangoni kama mbuzi siku ya mnada. Nikawa naenda na daftari, naandika mpaka vidole vinakakamaa. Rafiki yangu ananichungulia begani.

"Mzee, leo umefika wapi? Umeshazaliwa?"

"Bado."

"Maskini mama yako."

Asubuhi nikisoma, ni mianzo tu. Mama anatoka nyumbani na ndoo, halafu nimeruka kwa bei ya ngozi, halafu mama anatoka tena nyumbani na ndoo. Hajawahi kufika bandani.

Halafu moyo ukaanza kunigonga hata nikiwa nimelala. Daktari akanifunga mkono na ile mashine, akapima, akapima tena. Akauliza kama natafuna. Nikasema kidogo. Akanitazama meno. "Mzee, hii presha na miraa, vikikutana vitakumaliza. Acha."

Nikaacha, nikakaa mezani kwangu baada ya swala ya alfajiri, shavu tupu. Hakuna kitu. Nasikia mapigo ya moyo masikioni, nasikia jogoo wa jirani, mama simsikii. Nikasema niandike wimbo wake wa kukamulia angalau. Maneno ya mwanzo, ya Kiembu, nilikuwa nayo hata Ramadhani iliyopita. Nikayatafuta. Nilipata mvumo tu, mmm, mmm, kama mtu aliye chumba cha pili na mlango umefungwa. Hapo niliogopa kweli. Presha nikifa nayo, nimekufa mimi. Wimbo ukipotea, amekufa nani?

Kesho ikawa hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Mwishowe mchana mmoja miguu ikanipeleka nyuma ya duka la mabati, daftari kwapani, thamosi ya chai mkononi.

Rafiki yangu akanisogezea majani ya mgomba aliyofungia miraa yake. "Chukua kijiti kimoja tu. Hicho ni cha dawa."

Nikakichukua. Nikakimenya ganda kwa meno ya mbele, utamu ule mchungu ukanigusa ulimi. Daftari liko magotini, limefunguka pale mama anapotoka nyumbani na ndoo. Nikamtazama rafiki yangu akitafuna, macho yamemtoka, anamlamba ndama wa nyasi. Na mimi nimesimama foleni.

Maziwa yalikuja, sijakwambia. Asubuhi moja mama alitoka bandani na maziwa yasiyojaza kikombe, akaninywesha mimi, yangali na joto. Hayakurudi kuwa mengi. Lakini alikuwa amekaa pale kila siku.

Nikakirudisha kijiti kwenye majani.

"Wapi sasa?"

"Nyumbani mara moja."

"Nikuwekee?"

"Weka."

Nikaenda, nikakaa mezani. Thamosi yangu niliiacha pale kwenye benchi. Sijarudi.