Ampli ya Chipu Moja na Bafle za Mama Kanyere

Siku ya kwanza ya kazi nilifika mapema kuliko wote, na nikakosea hata sijasema jina langu. Atelye, karakana ya radio, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka ya Patron, tajiri wetu, pale Kitchanga. Juu ya meza niliona chuma kinachotoa moshi mudogo, nikakikamata ili nikipange vizuri. Kilikuwa chuma cha kulehemu, na nilikikamata upande wa mbele. Shefu wa atelye, muzee mufupi mwenye lineti, miwani ya macho, zilizofungwa na kamba, akaangalia mukono wangu, akauliza: "Iko moto?"

Nikasema ndiyo.

"Basi somo ya leo imeisha. Kamata fagio."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kabla ya hapo nilikuwa ninapakia maharagi katika lori za Patron, na masomo yangu yaliishia darasa la sita, kwa hiyo munisamehe maandishi yangu. Patron alikuwa mufanyabiashara wa upande wa Butembo, Mukatolika wa kila misa. Watu walisema ni mugumu. Ni kweli, alikuwa mugumu. Lakini njo yeye aliyenitoa chini ya magunia siku aliponikuta nimetengeneza radio ya shofere kwa kisu. Ninaandika yote mawili, kwa sababu yote mawili ni kweli.

Miaka miwili ya kwanza nilifungua radio, nikatoa mende ndani, nikafunga. Ampli, maana yake kile chombo kinachochukua sauti ndogo ya radio ao kaseti na kuipa nguvu ya kusukuma bafle, yale masanduku yanayotoa sauti, zilikuwa kazi ya Shefu peke yake. Alizitengeneza kwa transista, kipande kwa kipande, na moja ilikula majuma mawili. Kila kitu alikipima kwa multimetre, chombo chenye sindano inayoonyesha umeme unapita wapi na unazuiliwa wapi. "Sikio inadanganya," alikuwa anasema. "Sindano haina ndugu."

Kisha vita ikafika mpaka kwetu. Patron alipakia duka lote ndani ya lori, akatutuma Shefu na mimi mpaka kijiji cha Ntoto, upande wa Walikale, tukiwa na sanduku moja la vyombo na batri mbili za gari. Lori ilifika pale ilipoweza, tukamaliza kwa miguu. Sitaandika mengi juu ya njia ile. Wengine waliona mabaya kuliko mimi, na wao njo wenye haki ya kuyasema.

Hatujamaliza juma moja Ntoto, akaingia Mama Kanyere, mukulima wa Burungu, mukimbizi kama sisi. Mugongoni alikuwa na bafle moja ya mbao, na binti yake nyuma alikuwa na ya pili. Zilikuwa bafle nzuri za nyumbani, za kukaa saluni, chumba cha kupokelea wageni, pembeni ya kabati. Alizibeba toka Burungu.

Shefu akamwangalia juu ya lineti zake. "Mama, uliacha kitanda, ukabeba hizi?"

"Papa, bila kitanda nitalala chini. Bila bafle, muziki ya arusi ya mutoto wangu nitaiweka mu sahani?"

Arusi ilikuwa baada ya siku kumi na mbili. Ampli yake ilibaki Burungu, na Shefu hakuwa na transista hata moja. Lakini Patron alikuwa ametuma kifurushi: ndani yake vipande sita vyeusi, kila kimoja kidogo kuliko kidole gumba, chenye miguu mitano na bamba la chuma mugongoni. Zilikuwa chipu. Barua yake ilisema kwamba moja peke yake inafanya kazi ya transista zote za ampli, na pia kwamba anatafuta fundi wa kufungua atelye ya pili, kwenye kijiji cha Mpofi.

Shefu aliigeuza moja kwenye kiganja. "Hii iko mende. Mende haiimbake."

Sijui nilipata wapi ujasiri, nikasema: "Shefu, niachie nijaribu."

Akaiweka chipu mbele yangu. "Hizi bafle njo nyumba yote ya ule mama. Ukizichoma, unarudia magunia. Ukifaulu, nitaandikia Patron kwamba fundi wa Mpofi amepatikana."

Vijana, ninyi munaoanza, ningependa muone furaha niliyokuwa nayo siku zile. Nilikula nimesimama. Karatasi iliyokuja na chipu ilikuwa na muchoro, na muchoro ule hata mimi niliuelewa. Muguu wa kwanza unapokea sauti. Wa pili unairudishia chipu sehemu ya sauti inayotoka, ili ijipime isipige kelele. Wa tatu ni masi, yaani upande wa hasi wa batri. Wa ine unatoa sauti ikiwa na nguvu. Wa tano unakula umeme wa batri, volti kumi na mbili. Kati ya muguu wa ine na bafle unaweka kondasateri kubwa, mulinzi wa mulango: sauti anaipitisha, umeme mutupu wa batri anaukataza, maana huo ukiingia ndani ya bafle unaichoma. Ukiongeza kondasateri ndogo chache, resistansi mbili, vile vipande vyenye mistari ya rangi vinavyopunguza umeme, na kifungo cha kupandisha sauti, imetosha. Hatukuwa na bamba la kulehemia, nikapiga misumari midogo kwenye kibao na kulehemu juu yake. Chipu ikifanya kazi inapata moto, inataka chuma cha kuipoza, radiateri. Nilikata kitako cha sufuria ya alumini iliyotoboka.

Siku ya tano nilipima kila musumari, nikafunga bafle za Mama Kanyere, nikawasha. Kwanza kelele ndogo kama mvua ya mbali. Nikatia kaseti kwenye radio, nikapandisha sauti, na kwaya nzima ikaingia ndani ya chumba. Shefu aliacha kikombe chake. Hakunisifu, lakini alikaa mpaka upande wa kaseti ukaisha.

Arusi ilianza saa nane ya muchana, baada ya maombi. Watu walicheza mpaka vumbi likapanda. Sasa, kwetu hakuna anayekuja kwenye sherehe mikono mitupu: huyu analeta kuni, huyu maji, huyu ndizi. Lakini mukimbizi ataleta nini? Waliposikia muziki, wale waliokuwa na bafle walizifuata kwenye vibanda vyao. Moja ikaja, kisha ingine, mpaka nne. "Fundi, na yangu isaidie," kila mutu alisema. Nikazifunga zote kwenye waya uleule, ubavu kwa ubavu. Nakiri niliwaza kama watu wa shamba: mikono mingi, muzigo unakuwa mwepesi.

Kwa dakika chache tulisikika mpaka ng'ambo ya muto. Kisha kimya. Bibi arusi alibaki na muguu juu.

"Fundi amekula muziki," mujomba wa bwana arusi akasema. "Na nyama bado haijaiva."

Niligusa radiateri, ikaniunguza. Nikiwa bado ninapuliza kidole, muziki ukarudi wenyewe. Watu wakapiga makofi. Dakika moja, kimya tena. Mama Kanyere akaja, akaweka kiganja juu ya bafle yake.

"Zangu ziko nzima?"

Ningeweza kumudanganya. "Sijui, Mama."

Nilikwenda kwa Shefu, aliyekuwa amekaa na sahani ya sombe, majani ya muhogo. "Shefu, inakuwa nini?"

"Leo niko mugeni," akajibu. Akatafuna kwanza. "Sindano yako iko wapi?"

Nikafungua waya zote kwenye ampli, nikapima. Bafle inazuia umeme kidogo, na kipimo chake kinaitwa omu. Mbili za Mama Kanyere pamoja zilionyesha karibu ine, na chipu inapenda ine; namba ikishuka, bafle zinavuta umeme kuliko chipu inavyoweza. Nikaongeza ya jirani mumoja: mbili. Nikaongeza zingine, sindano ikalala karibu na ziro. Hapo njo niliona ujinga wangu. Zile bafle hazikuwa zinasaidia kubeba. Zilikuwa wageni kwenye sahani moja, na chipu peke yake njo ilikuwa inapika. Ilipochoka, ilijizima ili isiungue.

Dawa nyepesi ilikuwa kurudisha bafle za watu. Lakini kurudishia mutu zawadi yake mbele ya arusi, tena mutu aliyepoteza vyote, mimi sikuweza.

Baba wa bwana arusi, mutu wa Mpofi, alikuwa ananiangalia. "Kwetu kuna daraja ya muti mumoja," akasema. "Tukiingia wote ubavu kwa ubavu, tunaenda na maji. Tunapitaka mumoja nyuma ya mwenzake."

Labda alikuwa ananicheka tu. Hata leo sijui. Lakini wazo lilikuwa lake, si langu. Nilichukua zile nne, nikazifunga kwa mustari: waya inatoka kwenye moja, inaingia kwenye inayofuata. Nikapima: kumi na sita. Pamoja na za Mama Kanyere: tatu na kidogo. Nikapima mara tatu. Nikafunika radiateri na kitambaa chenye maji mpaka ikapoa, nikakiondoa, nikakausha, nikawasha.

Bafle za Mama Kanyere ziliimba kwa nguvu. Zile nne ziliimba chini chini, lakini hakuna iliyonyamaza, na kila mwenye bafle alisimama karibu na yake. Muziki haukukatika tena mpaka watu wakaachana wenyewe. Mama Kanyere alizunguka bafle zake, akazigonga, akaweka sikio. "Ziko nzima," akasema, na akanipa muguu wa kuku.

Kesho yake Shefu aliandika barua kwa Patron, akanisomea kabla ya kuifunga. "Alikosea mbele ya watu wote. Alipima. Mumutume Mpofi."

Nilifanya kazi Mpofi mpaka macho yakakataa kuona rangi za resistansi. Sijui kama nilikuwa fundi muzuri. Ampli zangu nyingi zilivuma kama nyuki, na ile ya arusi niliiunguza mimi mwenyewe mwaka uliofuata, kwa kugeuza waya za batri. Sitawaambia kwamba zetu zilikuwa bora kuliko zenu. Juma lililopita mwalimu mumoja wa hapa alinijia na bamba dogo alilolehemu yeye mwenyewe, chipu mbili, moja kwa kila bafle, ampli yake ya kwanza. Alikuwa anaogopa kuiunganisha na bafle za mume wake. Tukapima pamoja, yeye akinisomea namba. Zilikuwa sawa. Akaniuliza atanipa nini kwa kazi ile.

Nikamwambia sitaki kitu, ila aniachie mimi niwashe.